Kamusi Imeona Haya

Muuguzi alipanda treni akiwa na nia ya kusinzia, lakini mama wa kiti cha mbele alimnyang'anya usingizi. "Umetukirimu!" alifoka, simu mkononi. "Wifi yangu na wanawe wamekula kwangu juma zima, kafika kwake ananiandikia hili! Nimelitafuta kwenye kamusi ya mtandaoni, halipo. Kamusi yenyewe imeona haya kuliandika!"

Jirani yake, aliyejitambulisha kuwa mwalimu mstaafu bila kuulizwa, alikohoa. "Mama, kamusi haiyatambui maneno yaliyovaa. Livue kwanza. Toa u, toa me, toa tu."

"Nivue mbele za watu?"

Muuguzi akafumbua na jicho la pili.

"Neno, mama! Andika kirimu, basi."

Mama akaandika, akasoma polepole: "Pokea mgeni kwa wema na moyo mkunjufu." Akaizima simu.

"Umeona? Anakushukuru," mwalimu akasema. "Mjibu, basi."

"Nilishamjibu jana."

"Ukamwambiaje?"

Treni ikasimama kwenye kituo cha muuguzi, milango ikafunguka. Muuguzi hakuinuka.

"Mwalimu," mama akanong'ona, "la kwangu halikuwa limevaa hata kidogo."