Bernardo Castory, Fundi Aliyeiwasha Skuta ya Nesi Husna

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bwana Bernardo Castory, fundi mkuu wa karakana ya shamba letu la mkonge, anastaafu baada ya kututumikia miaka thelathini na minne. Kazi ya ufundi nilimfundisha mimi. Nilimpokea akiwa hajui spana namba kumi ni ipi, nikamwachia akiwa fundi kamili.

Haya, hiyo si kweli. Mhariri wa jarida ameniambia nisipoikana mwenyewe ataifuta yeye. Mimi ni mpaka rangi wa shamba. Nilichomfundisha Bernardo ni mahali pa kulala mchana bila msimamizi kukuona, na hilo alilielewa kwa siku moja tu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta neno limekaa upande, linyoosheni mkiendelea kusoma.

Bernardo alizaliwa hapa hapa kambini. Babu yake alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge, akasema atakaa misimu miwili. Wajukuu zake leo wanasema Kizigua kunipita mimi Mzigua, na wakinitania kwa lugha yangu mwenyewe inabidi nitafute mkalimani. Aliajiriwa mwaka 1991, kazi yake kupaka grisi korona. Wasomaji wa mjini wasikimbie: korona ni mashine ya kuchakata majani ya mkonge, na ilikuwa na jina lake kabla ya ule ugonjwa kuja kuliazima. Miaka sita alipaka grisi. Mkewe, shemeji yangu Shida, anasema siku ya harusi yao bwana harusi alinukia korona hadi padre akarudi nyuma hatua moja.

Mwaka 1997 alihamishiwa karakana, na tangu hapo hakuna gari, trekta wala pampu ya shamba hili ambayo hajalala chini yake. Mwaka 2006 mkanda wa korona ulikatika wakati malori yamepanga foleni na majani yanaanza kuoza. Bernardo aliushona kwa kamba ya mkonge wetu wenyewe, kama mtu anayeshona kiatu, na ukavuta siku tisa hadi mpya ulipofika. Meneja wa wakati ule alimpa barua ya pongezi. Bernardo aliifungia vitumbua, si kwa dharau, ila ndiyo karatasi iliyokuwa karibu.

Ugonjwa wake ni mmoja: hawezi kusikia injini ikikohoa akanyamaza. Tuliwahi kwenda naye harusini Kwaluguru, yeye kavaa suruali ya kitambaa cheupe. Gari la bwana harusi likagoma. Sahani yake ya pilau ilibidi ipelekwe chini ya gari, akala akiwa amelala chali, na bibi harusi alisubiri. Aliporudi nyumbani, Shida aliitazama ile suruali, akauliza mtu huyu kazikwa wapi.

Lakini jambo la kusimulia ni la mwezi Machi mwaka huu, na limebaki kusimuliwa nusu hadi leo.

Kila Alhamisi Nesi Husna wa zahanati yetu huenda kambi ya mwisho, kilomita kumi na nne, sanduku la chanjo limefungwa nyuma ya skuta. Alichagua skuta kwa sababu ina pa kuweka miguu mbele, na gauni refu halihitaji kugombana na tangi. Sasa skuta ikazimika moja kwa moja. Bernardo akaipima, akasema kimekufa kile kiboksi kinachoipa koili umeme ili plagi itoe cheche. Mafundi wanakiita sidiai. Ya asili ilikuwa haipatikani mpaka baada ya wiki tatu, basi Bwana Richard, afisa usafiri wetu, akaenda Korogwe mjini akarudi na seti nzima ya kampuni nyingine: sidiai, koili nyekundu kama pilipili, na plagi. Muuzaji alimwambia ni za mashindano. Mashindano ya nani na nani, hakuuliza.

Siku hiyo skuta ilikuwa uchi, makava yote yamewekwa pembeni, na koili ya zamani imefunguliwa. Wiki hiyo hiyo tulikuwa tunangojea wageni kutoka makao makuu, na amri ilikuwa kila chenye chuma kiwe kijani. Liwekeni hilo moyoni.

Jumanne mchana Bernardo akafunga vitu vyote vitatu, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Akapiga hadi ndala ikaruka ikaingia kwenye ndoo ya oili chafu. Akachomoa plagi, akaigusisha kwenye injini, akapiga kiki: hakuna cheche hata ya kuwashia sigara ya mbu. Jioni Bwana Richard akaja, mikono kiunoni.

"Mzee Bernardo, kesho jioni isipowaka naipeleka mnadani Handeni. Hiyo safari ya kambi ya mwisho tutaifuta. Kina mama waende wenyewe Mashewa wakachanjiwe huko."

Kutoka kambi ya mwisho hadi Mashewa kwa miguu, na mtoto mgongoni, ni asubuhi nzima. Wengi hawaendi. Nesi Husna alikuwa amesimama mlangoni, akasikia yote, akamgeukia Bernardo.

"Shikamoo baba. Keshokutwa nina watoto kumi na tisa wa chanjo ya surua."

"Marahaba mwanangu. Kawaandae."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Nesi alipoondoka tu, akaiopoa ndala yake kwenye ndoo, akapiga kiki tena.

Jumatano asubuhi alianza upya, na hapa vijana wa karakana sikilizeni. Alisema kosa la kwanza ni lake mwenyewe. "Nimefunga vipya vitatu kwa mpigo, sasa nina washukiwa watatu na sijui nimkamate nani." Akarudisha plagi ya zamani: kimya. Akarudisha na koili ya zamani, palepale ilipokuwa: kimya. Akalinganisha soketi ya sidiai mpya na ya zamani, waya kwa waya: sawasawa. Akapima swichi ya kuzimia: nzima. Akabaki na mshukiwa mmoja, sidiai mpya, na kwa mara ya kwanza nikamwona anamtazama Bwana Richard, aliyekuwa akipita mlangoni, kama mtu aliyeuziwa kuku mgonjwa. Saa tisa alasiri alichukua karatasi aandike kwamba kifaa ni kibovu. Hiyo karatasi ndiyo ingekuwa tiketi ya skuta kwenda mnadani.

Kabla hajaandika, akasema ajaribu mara moja ya mwisho na koili nyekundu. Akaifunga. "Mzee Isihaka, acha kusimama kama mlingoti, nishikie hii isianguke."

Nikashika. Mkono wa kushoto ulikaa juu ya chuma cha koili, wa kulia juu ya injini. Akapiga kiki.

Ndugu zangu, sikulia. Niliita tu majina ya wazee wetu waliotangulia, kwa mpangilio, hadi babu wa tano. Nilijikuta nimekaa juu ya tairi la trekta, na sikumbuki kulipanda.

Bernardo hakunipa pole. Alisimama kama mtu aliyesikia mtu anamwita kwa mbali.

"Ulikuwa umeshika wapi?"

Nikamwonyesha kwa mguu, maana mikono ilikuwa imegoma.

"Hebu shika tena."

"Shika wewe na ukoo wako."

Akacheka hadi akakaa chini. Kisha akaniambia, na sijasahau: "Umeme wa koili ukitoka lazima urudi nyumbani, na nyumbani kwake ni chuma cha fremu. Njia imezibwa. Umeona mzee mmoja kagusa huku na huku, ukapita kwake. Sidiai ni nzima, koili ni nzima. Kilichokufa ni njia."

Akafungua bolti ya koili. Chini yake palikuwa na rangi ya kijani, mipako miwili, imekauka vizuri, inang'aa. Aliitazama rangi. Akatazama brashi iliyokuwa mfukoni mwangu. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Wakati huo huo Bwana Richard akaingia. "Ni nini basi?"

Neno moja tu la Bernardo lingetosha, na mkataba wangu, ambao husainiwa upya kila mwaka kwa huruma, ungeishia pale. Bernardo alikuwa amekwisha kufunika ile rangi kwa kidole gumba.

"Kutu, mkubwa," alisema. "Kutu tu. Nipe nusu saa."

Akachukua msasa akasugua hadi chuma kikawa cheupe. Akafunga koili nyekundu, akaongeza waya mfupi kutoka koili hadi kwenye injini ili njia isizibwe tena na mjinga yeyote. Kiki ya kwanza ikapiga chafya. Ya pili ikawaka, ikanguruma, na moshi ukajaa karakana nzima. Alhamisi Nesi Husna alikwenda kambi ya mwisho. Watoto kumi na tisa walichanjwa, mmoja akamng'ata, na mpaka leo skuta hiyo haijakosa Alhamisi hata moja.

Basi leo naandika nusu iliyobaki. Bwana Richard, haikuwa kutu. Ni mimi niliyepaka rangi pasipopakwa, kwa sababu nilipewa ndoo na kuambiwa kila chenye chuma. Miezi mitatu Bernardo amelibeba hilo, na wiki iliyopita alipoulizwa tena mbele ya watu alijibu vilevile. Wengi watamsifu kwa mikono yake, nami nakubali. Lakini mikono ya namna ile inaweza kupatikana hata Korogwe mjini. Mtu wa kufunika kosa la mwenzake kwa kidole gumba chenye grisi, huku kazi inasubiri na jina lake mwenyewe liko shakani, huyo sijui tutamwagiza wapi.

Sasa anahamia Mombo, ambako Shida amepata kibanda cha chakula pale mabasi yanaposimama. Tunakushukuru, Bwana Bernardo, kwa kila kilichowaka kwa mkono wako. Mungu akupe siku nyingi, mgongo usiouma, chai isiyopoa, na abiria wenye njaa.

Limebaki moja dogo. Siku ile ulipomaliza kucheka uliniambia, "Mzee, kwa shoti hiyo nina deni lako, sema utakacho." Sikusema kwa kuwa ulimi ulikuwa bado na ganzi. Sasa umepona. Nimesikia Jumamosi unahamisha vyombo kwa lori. Binti yangu Shamsia yuko Mombo, amejifungua, na nina mbuzi wake mmoja wa kumpelekea. Ni mpole sana. Niambie tu asimame upande gani, kwenye kabati au kwenye godoro, maana kamba nimeshamfunga.

Isihaka Semboja
Mpaka rangi