Kilozi cha Mayasa

Sogeeni, wanangu, wewe Munir na wewe Bashira, mnisikilize mpaka mwisho bila ya kunikata, maana sauti niliyonayo ni hii hii, haina akiba. Zeyana, jirani yetu wa mlango wa pili, ndiye anayenishikia simu. Kaniambia nikisema hapa maneno yangu yatakufikieni Maskati na Dar es Salaam kama nilivyoyatamka, nami nimemuamini, kwa kuwa mkono wangu haushiki tena kalamu. Leo Alkhamisi, alasiri nshaisali kwa kukaa. Daktari alikuja juzi akanipima, kisha akazungumza na Zeyana kule ukumbini kwa sauti ya chini, akasahau kwamba masikio yangu hayajazeeka.

Nyumba hii ya Kiponda mmezaliwa ndani yake lakini hamjui ilivyo sasa. Kulia hoteli, kushoto hoteli, na mchana kutwa nnasikia magurudumu ya masanduku ya wageni yakipita uchochoroni. Watu wengi wanapita, hakuna anayegonga. Tangu baba yenu Abdulla atangulie mbele ya haki, ziko siku ambazo mtu pekee niliyesemezana naye ni muuza mikate, naye nikimteremshia kikapu kwa kamba kutoka dirishani. Sikulaumuni. Nnataka tu mjue nilikuwa nikiishi na nani, na nilikuwa nikiishi na vilozi vyangu.

Mnavijua vile vijichombo vya kufumia lesi, ambavyo mkiwa wadogo nikikukatazeni kuvichezea. Havizidi kidole kwa urefu, mabamba mawili yamekutana ncha kama lozi, ndiyo maana tukiviita vilozi, na ndani yake umezungushwa uzi. Unautanda uzi kwenye vidole vya kushoto, unakipitisha kilozi juu, unakipitisha chini, kila kikienda na kurudi kinaacha fundo, na mafundo yakitimia unavuta, yanajikunja yanakuwa pete. Pete kwa pete, mpaka ukingo wa mtandio unatimia. Baba yenu, Mungu amrehemu, alinichongea cha mpingo na cha kifuu cha nazi. Cha mfupa nilikipata Mlandege kwa muuza vitu vikuukuu, kimelala ndani ya kopo la vifungo. Cha fedha aliniachia mgeni mmoja, mwanamke mtu mzima kama mimi, aliyeniona dirishani nnafuma akapanda ngazi bila ya kualikwa. Hakujua lugha yangu wala mimi sikujua yake, tukakaa mpaka adhana ya magharibi tukifuma, kisha akakiweka mapajani mwangu akaenda zake. Mwaka ule sikupata mgeni mwengine.

Mlikuwa mkisema, mama ana maradhi ya kukusanya. Nilivipenda, ni kweli, lakini kila nilipopata kipya nilikuwa nikitafuta kimoja kitakachoukaa mkono wangu kuliko kile cha gamba la kasa, ili kile nipate kukiacha. Sikukipata. Na kile, wanangu, hakikuwa changu. Sasa nisikilizeni vizuri.

Aliyenifundisha kazi hii ni Bi Rozalina, mshonaji wa Kigoa aliyekuwa akikaa nyuma ya nyumba ya wazee wetu, na tulifundishwa wawili, mimi na mdogo wangu Mayasa. Mimi nilikuwa na bidii. Mayasa alikuwa na mkono. Nilichokipata mimi kwa wiki nzima yeye alikipata akiwa anacheka, na lesi yake ilikuwa nyepesi hata ukiipuliza inapeperuka. Siku Bi Rozalina anaondoka na watu wake moja kwa moja, mimi nna miaka kumi na saba na Mayasa kumi na minne, alituita akanipa mimi mkasi wake, na Mayasa akampa kilozi chake mwenyewe, cha gamba la kasa, chekundu kama asali ukikielekeza kwenye jua, akasema: "Hiki akichukue mwenye mkono."

Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Haukupita mwezi nikakichukua, nikakitia ndani ya sufi ya mto wangu, nikaushona. Mayasa alikitafuta siku tatu. Alikunja majamvi yote, alipepeta majivu ya jikoni, alichakura jaa kwa mikono yake, na siku ya nne mama akampiga kwa uzembe wa kupoteza kitu cha amana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona akipigwa, nikanyamaza.

Hakufuma tena. Alipewa kilozi chengine cha bati, akakijaribu siku mbili akakiweka. Kisha akaolewa Kizimkazi na Mjaka, mvuvi, mtu mwema, na kilimo cha mwani kilipoingia akashinda baharini na wenzake, maji ya chumvi yakala vidole vile. Na mimi nikiwa hapa, maharusi wa mji huu wananijia na mitandio yao, nnawafumia kwa kilozi cha Mayasa, watu wananiambia, Bi Nassra una mkono.

Mtu uliyemdhulumu ni mzito kumtazama kuliko aliyekudhulumu. Mayasa alikuwa akija kila Idd na pweza mkavu na ndizi, nami nikijitia nna kazi, nnaumwa, nnatoka. Mara hii, mara ile, mwisho akaacha kuja. Nikakwambieni nyinyi kwamba mama yenu mdogo ana maneno, mkakua mkimwogopa. Hakuwa na maneno. Mimi ndiye niliyeyaogopa maneno ambayo hajayasema, na kwa kuyaogopa nimemkosa ndugu maisha yangu yote, na aliyekosa ndugu hata kikao cha watu mia kwake ni upweke.

Mwaka jana, baada ya Idd ndogo, nilimwomba Suhail, mume wa Zeyana, anipeleke Kizimkazi kwa gari yake. Tulipofika Jozani magari yalisimama kuwangojea kima wavuke njia, nami nikaomba moyoni wasimalize kuvuka. Walimaliza. Nilimkuta Mayasa amekaa barazani kwake, macho yamekwisha, vidole vimepinda. Nilipotoa salamu akaijua sauti, akaniita dada. Sikukaa. Nilikitoa kilozi nikakiweka kiganjani mwake, akakipapasa ncha hii na ncha ile, kisha akasema:

"Nilijua, dada. Tangu siku ile mama alipokuwa akinipiga, nilikutazama usoni nikajua."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema ningepata kilozi, nikakosa dada. Nikaona bora nikose kilozi." Akakigeuza mkononi. "Nikakosa vyote viwili."

Nililia, wanangu, kilio ambacho hata baba yenu sikumlilia. Yeye hakulia. Alinirudishia kilozi akaniambia nikae nifume, macho hayaoni lakini masikio yanasikia, akausogeza uso wake karibu kuisikiliza ile sauti ya uzi ukipenya kati ya ncha mbili. Nilipomaliza pete akaishika, akasema fundo la saba limelegea. Lilikuwa limelegea kweli. Aliposikia nnaaga akasema nikae nacho, maana yeye hakimfai tena, lakini kila mwezi nije nacho nimfumie. Nilikwenda mara tatu. Mara tatu tu, baada ya miaka sitini. Kisha miguu yangu ikakataa ngazi, na mwezi wa Shaaban Zeyana akapokea simu kwamba Mayasa amefariki na atazikwa kabla ya adhuhuri. Nilikuwa kwenye kitanda hiki hiki. Sikumwona.

Basi nnakuusieni. Kilozi cha gamba la kasa kimo ndani ya mtoto wa meza, nimekifunga kwa kitambaa cheupe. Hicho si urithi, kitu cha dhuluma hakirithiwi. Kipelekeni Kizimkazi kwa Saadiya, binti wa Mayasa, mkipeleke nyinyi wawili, asitangulie mmoja, na mumwambie kwa vinywa vyenu alichofanya mama yenu, msinipambe. Vilozi vyengine vyote mpeni Zeyana, aliyekaa na mimi alipokuwa hana cha kupata. Isipokuwa cha mpingo na cha kifuu, hivyo ni kazi ya mikono ya baba yenu. Mkiridhiana, mmoja achukue hiki na mwengine kile.

Na nyinyi. Mna miaka mitatu hamsemezani. Munir alitaka kuwapa watu wa hoteli ghorofa ya chini, Bashira akakataa, likatoka neno, na neno likitoka halirudi kinywani. Munir hunipigia Ijumaa, Bashira Jumapili, na hakuna anayeniuliza mwenziwe yu hali gani. Nyumba fanyeni mtakavyo nikishakufa, mimi sitokuwa na haja ya ngazi wala dirisha, lakini msiikodishe wala msiiuze mpaka mmekaa mkala sahani moja. Mwenye kosa kubwa asingoje mwenye dogo aanze. Mimi nilingoja...

Ngoja kidogo, Zeyana. Maji. Ahsante, mwanangu.

Nizikeni Mwanakwerekwe, karibu na mama. Sanda yangu iwe nyeupe tupu, msitie lesi hata uzi mmoja. Waliokuwa wakinisifu mkono, waambieni waniombee msamaha. Msikae matanga marefu... mna kazi zenu.

Nyumba itagawiwa kwa sharia, Munir mafungu mawili, Bashira fungu moja, hivyo ndivyo ilivyo na hakuna wa kunung'unika. Lakini radhi zangu... nisikilizeni, pumzi inakatika... radhi zangu hazina mafungu. Nimekupeni zote, wewe zote, na wewe zote. Mungu akupeni umri, akupeni... mtu wa kugonga mlango wenu. Munir. Bashira. Nshakusameheni. Nisameheni na mimi.

Zima, Zeyana. Nshamaliza.