Maana ya Lulinda

Sogeeni, Fidele, na wewe Nadine, wanangu, msinifanye nipaze sauti. Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mama yenu Rosa kabla ya kuugua lilikuwa kuonja maharage na kuniomba kesho, nami nikampa mkebe wa chumvi, maana katika lugha ya nyumba hii chumvi huitwa kesho, tangu miaka ile tulipoulizana nani ataenda dukani na kila mmoja akajibu hivyo.

Lugha hiyo tuliiita Kibwengo. Tuliwaambia tumefundishwa na vibwengo wa mlimani, hapo nyuma ya nyumba, lakini tuliitunga sisi wawili jikoni hapa Kasulu, tukicheka. Mimi niliyesomea isimu nilitaka iwe na ngeli; mama yenu akakataa: "Baba Fidele, vibwengo hawana muda wa ngeli." Mvua ya kwenye bati ikaitwa sikii, kwa kuwa ikinyesha ndilo neno pekee watu wanaloambiana. Mpaka wa shamba la Nyakitonto ukaitwa melki, kwa heshima ya jirani yetu Melkiadi, anayeusogeza kila masika. Ule mgomba anaougombea mwachieni, hauzai.

Sasa nisikilizeni. Hospitalini mama yenu aliwaambia, "Nyumba iwe lulinda," akafumba macho, na tangu hapo mnanuniana. Fidele unasema neno limetoka kwenye kulinda, basi unataka geti la chuma na kufuli, kisha urudi zako Kibondo. Nadine unasema limetoka kwenye kurindira, kungoja kwa Kirundi, basi tungoje lami ifike, bei ipande, tuuze. Nilinyamaza msiba mzima, kwani matangani hakuna mjadala wa asili ya maneno. Ila moyoni nilijivuna kidogo, maana mmekosea kisomi kabisa.

Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga, lakini mimi nawaambia. Fidele, neno hili ni lako. Ulikuwa mdogo, ulimi mzito, nami nimebeba sanduku naondoka kwenda chuo kikuu. Ukasimama mlangoni, ukanyoosha kidole, ukaniamuru: "Luli ndani, baba." Rudi ndani. Mimi nikaenda, na mama yenu hakutia komeo mpaka likizo iliponirudisha; bibi yenu akamgombeza, akimwambia anawakaribisha wezi, naye akajibu kwamba wezi hawajui Kibwengo. Lulinda ni mlango ulioegeshwa kwa ajili ya aliye mbali.

Basi nyumba msiiuze, wala msiitie kufuli. Nadine akae humu, shamba mlilime wote, na Fidele, ukifika usiku usibishe hodi, sukuma tu. Mkigombana, gombaneni kwa Kibwengo. Hakina tusi hata moja, tulisahau kuyatunga.

Niinulieni mto. Hapo... hapo panatosha. Mungu awape watoto wa kuwasumbua kama mlivyonisumbua, awape na vicheko vya kutosha kuwavumilia. Pumzi inapungua, nimalizie.

Matanga yalipoanuliwa mkaondoka, kesho yake asubuhi niliamka, nikapika uji wa watu wawili, kwa mazoea, nikauegesha mlango, nikakaa. Mara ukasukumwa. Moyo ukaniruka, wanangu. Aliingia kuku wa jirani, akanitazama kwa jicho moja.

Nikamkaribisha uji.