Sista Rukaya na Nguvu Inayoishia Jichoni

Sista Rukaya Hanifu anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, baada ya miaka thelathini na minne kwenye thieta ya macho ya hospitali yetu hapa Dodoma. Wengine waliombwa waandike wasifu huu wakasema wana kazi nyingi. Mimi Ebenezer wa jenereta nimekubali. Matroni alitaka karani anisaidie, nikakataa. Nilisoma mpaka darasa la nne, lakini darasa la nne la zamani, lile la kweli.

Alizaliwa Kolo, huko Kondoa kwenye michoro ya miambani. Alifika kwetu mwaka 1991, muuguzi mwembamba mwenye sanduku la bati. Mimi alinikuta, na nilimtangulia kustaafu, ila niliitwa tena kwa mkataba kwa sababu jenereta lilimkataa kila waliyemleta. Miaka yote hiyo halijazima hata mara moja mgonjwa akiwa kitandani. Hilo nalo liandikwe.

Wagonjwa wetu wengi ni bibi na babu wa Bahi, Kongwa na Chamwino, ambao Kiswahili kwao ni cha kuazima. Sista Rukaya, Mrangi, akajifunza Kigogo ili awasalimie "mbukwenyi" kabla hajawafunika uso. Kigogo chake ni kibovu, nimemwambia mara nyingi. Lakini bibi akikisikia anacheka, na akishacheka mikono inalegea.

Sasa nije kwenye kazi yake kubwa, maana wengi mnakula matunda hamjui nani alipanda.

Mtoto wa jicho siku hizi anatolewa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Sindano yake inatetemeka, inamvunjavunja na kumfyonza. Mwisho mashine inaonyesha namba, yaani nguvu iliyotumika humo ndani. Namba ikiwa kubwa, kioo cha mbele cha jicho kinaumia na kuingia ukungu, na pengine ukungu huo usitoke tena. Watu wa huku wanachelewa kuja, mtoto wa jicho anakomaa, anakuwa mgumu na rangi ya asali. Huyo ndiye anayekula nguvu.

Mashine tulikuwa nayo moja kwa miaka kumi na mmoja. Sista Rukaya aliisafisha kwa mikono yake na kuiita somo. Mwaka juzi ikaja mpya. Thieta yetu ni ndogo, uongozi ukasema moja ibaki, nyingine iende hospitali nyingine. Tukaitwa kikaoni.

Nilisimama wa kwanza. Ile mpya ikiwashwa jenereta linaguna, na mita nilikuwa nimesoma wiki mbili nzima. Nikawaambia, "Hii inakula nguvu, irudi ilikotoka!"

"Nguvu ipi, mzee wangu?" akauliza Sista Rukaya.

"Kwani ziko ngapi?"

"Mbili. Moja inatoka ukutani kwako, moja inaishia jichoni kwa mtu. Wewe umepima ya kwako."

Watu wakacheka. Nikasema Warangi hawana adabu, naye akasema Mgogo akishiba mlenda hasikii. Ndipo Daktari Brighton, mpasuaji wetu wa macho, akasoma hesabu zake: jichoni mashine mpya inatumia nusu tu ya nguvu ya ile ya zamani. Akataka kikao kifungwe.

Sista Rukaya akamkatalia daktari mbele ya watu. "Samahani, Daktari. Macho magumu yote mnayapeleka kwenye ile ya zamani kwa sababu mmeizoea. Mpya mnaipa laini. Hapo mmemshindanisha anayelima kichanga na anayelima udongo mzito wa mbuga. Nipeni miezi mitatu."

Akapewa. Faili lenye namba witiri likaenda mashine ya zamani, la shufwa likaenda mpya, jicho liwe gumu liwe laini. Kila namba aliiandika mwenyewe kwenye kaunta buku.

Niseme ukweli, mimi nilikuwa na langu. Mke wangu Frida jicho moja lilitobolewa na mwiba zamani akitafuta kuni. Lililobaki likaingia mtoto wa jicho, yule mgumu. Sista Rukaya alilimulika akasema, "Hili ni asali kabisa, mzee, na hana lingine. Subirini nijue mashine ipi." Nikakasirika. Nilikuwa namwongoza mke wangu kwa mkono mpaka chooni, halafu naambiwa nisubiri daftari! Mwezi mzima sikumsemesha. Kila asubuhi alipita kwenye banda langu akasema, "Shikamoo, mzee Ebenezer," nami naitikia kwa kichwa. Hakuacha hata siku moja.

Kikao cha pili kila mtu alijua moyo wa Sista Rukaya uko kwa ile ya zamani. Alisoma macho mia mbili na kumi na mawili. Kwa macho laini, mashine zote sawasawa. Alipofika kwenye magumu alishika glasi. Akanywa maji. "Mpya inatumia nguvu pungufu kwa theluthi. Siyo nusu, Daktari, ni theluthi. Lakini kwa watu wetu theluthi ni jicho. Somo wangu ameshindwa. Mpya ibaki." Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, tulimwonea huruma.

Frida aliingia thieta wiki iliyofuata. Niliwasha jenereta mwenyewe. Kila lilipoguna nilijua sindano iko kazini jichoni kwa mke wangu, na mara ya kwanza katika maisha yangu nikaliambia: guna, baba, guna! Liliguna kidogo tu, likatulia. Sista Rukaya akaja mpaka bandani na kofia yake ya thieta kichwani, akaniambia, "Namba ni ndogo, mzee." Nikaitikia kwa kichwa. Safari hii haikuwa hasira.

Kesho yake bandeji ikatolewa. Frida akamkodolea Sista Rukaya jicho. "Kumbe Rukaya ndiye wewe, mfupi hivi! Sauti yako ya mtu mrefu."

"Na huyu mumeo je, mama?"

Frida akanigeukia, akanitazama sana. "Huyu amezeeka bila kuniambia."

Sista Rukaya alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa gauni.

Sista, karatasi hii nimeiandika wiki nzima. Frida ameisoma yote kwa sauti, kwa jicho hilohilo, akanirekebishia herufi. Kwenye jina lako aliongeza "mpendwa". Nililifuta kwa sababu karatasi ni yangu, na sasa nalirudisha. Mpendwa Sista Rukaya, asante. Tunakuombea uzee wenye afya na usingizi wa kutosha huko Kolo. Ukija mjini usipite bila kufika kwetu Area D. Frida anataka kukuona.