Dereva Aliyekwepa Mashimo Mno

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri. Mliokuja leo kwa barabara ya Kirongwe, kaeni mnavyoweza. Tunamkumbuka Mzee Mkadam Pazi, dereva. Narudia: dereva. Hakumsamehe mtu aliyemwita utingo.

Mwaka 1974 ilishushwa bandarini Kilindoni, hapa kisiwani kwetu, Landrova ya serikali yenye kifaa cha kupimia mtikisiko. Gurudumu likiingia shimoni, kifaa kinahesabu. Barabara yenye hesabu kubwa ndiyo itakayotengenezwa. Watu wa Kirongwe waliomba dua hesabu iwe kubwa. Walikuwa wamechoka kubeba wajawazito kwa vitanda hadi hospitali.

Mtaalamu, Bwana Muhsin, akataka dereva bora kisiwani. Akapewa Mkadam. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Mkadam alikuwa ameendesha lori la nazi njia ile miaka kumi na mitano, na mikono yake ilikwepa mashimo bila kumwuliza. Kufika Kirongwe, kifaa kikasema barabara ni nzuri. Narudia: nzuri.

Mjane wake, Bi Mwatima, anasimulia: "Alirudi kifua mbele. Nikamwambia, 'Hongera, Baba Chiku. Na huyo Chiku mwanao, mimba ya miezi saba, atapita wapi?' Akaketi. Chai hakuigusa."

Asubuhi alimwendea Bwana Muhsin.

"Bwana, kosa langu. Tupime tena."

"Kwa hiyo nitafute dereva mbovu?"

"Hapana. Leo mbovu ni mimi."

Akashika katikati ya njia, hakukwepa hata shimo moja. Habari ilimtangulia. Watu waliokuwa wakimsifu walitoka kumcheka. "We Mkadam, usukani umekatika?" "Shuka, mwachie mbuzi aendeshe!" Bwana Muhsin aligonga kichwa mara nne. Springi mbili zilivunjika, na kifaa kikahesabu hadi kikachoka.

Greda lilikuja baada ya wiki sita. Kwa serikali, hiyo ni mbio. Chiku alikwenda kujifungua ameketi garini, akilalamikia vumbi tu.

Mzee Mkadam alifariki Jumatatu. Wiki nzima nyumba yake haijapumzika kwa wageni, na Bi Mwatima bado anawakaribisha. Bi Mwatima, Chiku na wajukuu, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu.

Nasi tuliobaki, tulio hodari wa kuzoea mabaya hadi yasionekane, tujiulize leo: uhodari wetu unaficha shida ya nani?