Tobias Gaskarth na Uso Alioufuta kwenye Shaba

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza mpendwa wetu, asanteni kwa kuja na baridi yote hii.

Marehemu Tobias Gaskarth alizaliwa tarehe 9 Machi 1732 mjini Ludlow, mtoto wa tatu wa fundi viatu Enoch Gaskarth na mkewe Prudence. Alisoma shule ya parokia kwa miaka minne, na huko ndiko balaa lake lilikoanzia. Alimchora mwalimu akiwa na masikio ya punda, akachapwa, akarudi nyumbani na picha ya pili inayomwonyesha yeye mwenyewe akichapwa. Baba yake alicheka hadi nyundo ikamtoka mkononi.

Mwaka 1746 aliletwa hapa London kujifunza nakshi za vyombo vya fedha, kisha akahamia kuchonga mabamba ya shaba ya kupigia chapa picha. Kwenye shaba kila kitu huchongwa kinyume, ili kikae sawa kwenye karatasi. Mwaka 1763 vita na Wafaransa viliacha deni, serikali ikaweka kodi kwenye pombe ya matofaa. Tobias akawachora watoza kodi hiyo, lakini kwa pupa ya kuwahi wenzake alisahau kugeuza, na wote wakatoka wakipokea kwa mkono wa kushoto. Mwenye duka lililouza picha zake, Bwana Crouchley, akaja juu.

"Tobias, umelewa?"

"Sijalewa, bosi. Wewe umewahi kumwona mtoza kodi mwenye adabu?"

Picha ile ilikwisha dukani kwa siku tatu.

Tarehe 4 Mei 1758 alikuwa amemwoa Hester Lavington, dada yetu sisi tunaosoma haya, na wakajaliwa watoto watatu. Hakuwa na uwezo wa kuwalipa watu wakae awachore, kwa hiyo uso ulikuwa wa Hester miaka yote: muuza samaki anayemfukuza mkaguzi wa kodi ya madirisha, bibi anayeficha mishumaa isitozwe ushuru. Dada alizikuta picha hizo dirishani kwa Crouchley akitoka sokoni, akaingia nyumbani akifoka, "Pua yangu umeirefusha tena, mshenzi wewe!" Kisha alicheka kuliko wanunuzi.

Vita vya Amerika vilipokwisha, ikatangazwa kwamba kuanzia Oktoba 1783 kila maziko yanayoandikwa kanisani yatalipiwa kodi ya peni tatu. Tobias akamchora mama kando ya jeneza, jicho moja likilia, la pili likitafuta peni ndani ya soksi. Uso, bila shaka, ni wa Hester. Watu walijazana dirishani hadi njia ikaziba.

Tarehe 20 Oktoba binti yao wa mwisho, Keziah, alifariki kwa homa ya siku nne. Alikuwa na miaka kumi na saba. Siku tatu baadaye tulimzika, na tulipokuwa tunarudi tulipita pale dukani. Mtu mmoja akageuka, akapaza sauti, "Jamani, si huyu hapa! Mama, peni umezipata?" Wakaangua kicheko. Hawakujua. Hester aliitazama picha, akamtazama mumewe, akaendelea kutembea. Tangu hapo hakusema naye neno.

Tobias alimwomba Crouchley aiondoe. "Inagombaniwa hii," akajibiwa. "Mkeo atazoea." Ilimbidi akubali kuchonga picha sita bure ndipo akapewa bamba lake. Alilibeba hadi nyumbani, akaukwangua uso, akaligonga kwa nyuma lisawazike, akalisugua, akachonga uso mwingine. Ukatoka wa kuchekesha. Akafuta, akarudia, ukachekesha vilevile. Mara ya tatu pia. Mkono ule ulikuwa umefanya mzaha miaka thelathini, haukujua kazi nyingine, na maskini alilia kama mtoto. Mwishowe akaifuta sehemu ile na kuiacha tupu. Akapiga chapa karatasi moja, akaiweka mezani penye mkate wa mkewe. Kofia ilikuwepo, shali ilikuwepo, jeneza lilikuwepo. Penye uso palikuwa peupe.

Hester aliiinua karatasi. "Huyu ndiye mimi," akasema. "Haya, kaa ule." Siku hiyo ilikuwa tarehe 2 Desemba. Zilikuwa zimepita siku arobaini tangu maziko.

Baada ya hapo marehemu hakuchonga mzaha tena. Zile picha sita za Crouchley zilikuwa za maua. Mvuke wa tindikali wanayotumia mafundi wa shaba ulikuwa umemla kifua, na Novemba iliyopita alilala kitandani moja kwa moja. Wiki ya mwisho alimwambia mkewe, "Hester, nisamehe." Dada akamjibu, "Nilikwambia ukae ule. Ulidhani nilikuwa nasema nini?" Alifariki Alhamisi, tarehe 17 Februari 1785, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Juzi tulipokwenda kuandikisha maziko, mchungaji kwa huruma yake alitaka kumwandika fukara, maana fukara hatozwi. Hester alikataa. "Huyu alikuwa na kazi yake." Akainama mbele yetu sote, akatoa peni tatu ndani ya soksi, akaziweka mezani. Akatugeukia.

"Chekeni basi," akasema. "Angependa mcheke."

Tulijaribu, tukashindwa.

Marehemu ameacha mjane, Hester, mwana, Nathaniel, binti, Susannah, na wajukuu wawili. Mungu aupumzishe kwa amani mkono wake, na moyo wake pia.