Mama Lipi Hakustaafu

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya kinu cha kusaga. Watoto sita, kitanda kimoja.

Alianza shule mwaka 1958, akamaliza kidato cha nne mwaka 1968. Kiingereza alikipenda, ila hakukubali kulishwa. Akiwa darasa la sita, mwalimu aliandika ubaoni "look" na "see", akasema ni kitu kimoja. Binti akasimama.

"Hapana, mwalimu. Jana niliinua mkono, ukaniangalia. Hukuniona."

Darasa lilivunjika mbavu. Yeye akasimamishwa nje mpaka kengele ya mapumziko. Hakuomba msamaha.

Tarehe 2 Januari 1973 aliajiriwa mahakamani kuwa mkalimani. Wakili akitoa Kiingereza chake, yeye aliinua kidole: "Mheshimiwa, neno lipi? Maana hili lina ndugu yake." Mawakili wakambandika jina la Mama Lipi, kwa kumkejeli. Akalivaa kama nguo yake.

Mwaka uliofuata ukuta wa mahakama ulipasuka, akaletwa mwashi. Mwashi huyo hakukaa darasani hata siku moja. Alimaliza kazi, akajisifu kwamba ukuta umetengenezwa. Mkalimani alipita na mafaili kwapani, akausugua ukuta kwa kidole.

"Kaka, hapa umeziba tu. Kutengeneza bado. Waingereza wenyewe wana neno lake kwa kila moja."

"Dada, wewe ni mkalimani au msimamizi wa ujenzi?"

"Msimamizi analipwa. Mimi nakwambia bure."

Mwashi alibomoa, akajenga upya. Ukuta ule umesimama mpaka leo. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1974, wakajaliwa watoto watatu. Kwa miaka arobaini na minane alimkosoa mumewe kila siku, na mumewe hakuchoka.

Tarehe 18 Juni 1991, siku ya Jumanne, mchukuzi wa mizigo wa sokoni alipandishwa kizimbani kwa ajili ya mfuko mmoja wa saruji. Mfuko aliuchukua kweli, ghalani, pasipo na mtu. Lakini hati ya mashtaka haikuandikwa "steal", yaani kuiba. Iliandikwa "rob", kunyang'anya kwa nguvu. Mchukuzi hakujua Kiingereza. Alikuwa tayari kukiri. Muda wa chakula ulikuwa umefika.

"Mama Lipi, fupisha," mwendesha mashtaka akamwambia. "Mwulize alichukua au hakuchukua. Watu tuna njaa."

"Njaa yenu ni ya saa moja. Kifungo chake ni cha miaka kumi na mitano."

Akamgeukia mchukuzi. "Sikiliza, mwanangu. Hawakuulizi kama ulichukua. Wanakuuliza kama ulimpiga mtu ukamnyang'anya."

"Mama, nimpige nani? Ghala lilikuwa tupu!"

Hati ikaandikwa upya. Mchukuzi alifungwa miezi sita kwa wizi, akarudi kwa wanawe. Mkalimani alipewa barua tarehe 25 Juni: amefukuzwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Miaka kumi na minane ya kazi, barua ya mistari mitatu.

Tangu hapo alikaa barazani kwake, akiwasomea watu hati zao za mashtaka neno kwa neno. Hakumtoza mtu. Hakumfupishia mtu.

Novemba 2022 alianza kuumwa tumbo. Ikaonekana ni saratani ya kongosho. Daktari alimweleza kwa Kiingereza, kwa upole.

"Daktari," akasema, "umesema 'treat'. Hukusema 'cure'."

Daktari akamwitikia kwa kichwa.

"Ahsante. Wewe unajua kazi yako."

Kwenye korido akamwambia mumewe, "Watanitibu. Hawataniponya. Usije ukamlaumu yule kijana, amesema kweli."

Alifariki nyumbani Jumatano tarehe 9 Agosti 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mumewe akimshika mkono.

Alhamisi akaja karani mkuu wa mahakama na shada la maua na wasifu wa marehemu uliopigwa chapa.

"Pole sana, mzee. Tumekurahisishia. Hapa kwenye kazi, someni kwamba alistaafu. Aliyekuwa mwendesha mashtaka siku zile sasa ni mkubwa wetu, na anakuja kuzika. Tusimwaibishe mbele ya jeneza."

"Alifukuzwa," mumewe akasema.

"Mzee wangu, si ni yale yale? Kazi iliisha."

"Yangekuwa yale yale, usingekuja na karatasi."

Karani akamgeukia binti mkubwa wa marehemu, ambaye ni mpiga chapa katika ofisi yake. "Wewe ndiye msomaji. Ukisoma kwamba alifukuzwa, Jumatatu utajieleza kwa maandishi."

Mtoto wa kiume akaingilia. "Baba, ni neno moja tu. Achia."

"Mama yenu alifukuzwa kwa neno moja tu."

Shada liliondoka na aliyelileta.

Basi, mkubwa huyo yupo hapa mazishini, na karani yupo. Wasikie wote. Marehemu hakustaafu. Hakuacha kazi. Hakuomba kupumzika. Alifukuzwa, kwa sababu alikataa mtu afungwe kwa neno asilolielewa. Asiyesikia vizuri aseme, asomewe tena.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Mtoto wake wa kwanza ndiye anayesoma hapa. Hakulazimishwa. Jumatatu saa mbili asubuhi anakwenda kujieleza, na baba yake atakaa kwenye benchi nje ya mlango mpaka atoke.

Mama yao apumzike kwa amani.